Tisa na Zile Mita Ishirini na Saba

Vijana wa upimaji mmeniomba niandike uzoefu wangu, na mmenipa na masharti: isiwe ndefu, iwe na mafunzo, na niitume kwenye kundi la WhatsApp ili muisome mkiwa njiani kwenda kazini. Nashukuru sana kwa heshima hiyo. Miaka thelathini na nane ya kubeba mnyororo wa kupimia milimani inatosha kabisa kusomwa kati ya Uyole na mjini, tena kwa jicho moja.

Vyeo nitaviruka, maana vilikuwa vichache na vyote vilichelewa. Mishahara nitairuka pia, kwa sababu daktari amenikataza mambo ya kupandisha presha. Nitawaandikia juu ya namba moja tu, nayo ni tisa. Najua ninyi mna mashine zinazoongea na setilaiti, kwa hiyo hamna haja ya kujua tisa ina tabia gani. Sisi tulikuwa na mnyororo, futi kamba ya chuma, na tisa. Mnyororo uliliwa na kutu, futi kamba ya kwanza ilikatikia Kilolo. Tisa bado ninayo, na ndiyo iliyoniumbua.

Nilianza kazi Iringa, asubuhi ya baridi, nikiwa nimevaa suti ya kuazima kwa mjomba kwa sababu nilidhani mpima ardhi ni mtu wa mezani. Aliyenipokea alikuwa Mzee Ambakisye, Mnyakyusa mfupi mwenye kofia ya sufu, mkaguzi wa hesabu zote za upimaji pale ofisini. Aliitazama suti, akavitazama viatu, hakuuliza jina langu.

"Tisa mara saba?"

"Sitini na tatu, mzee."

"Sita na tatu?"

"Tisa."

"Tisa mara nane?"

"Sabini na mbili."

"Saba na mbili?"

"Tisa, mzee."

"Haya, vua koti ukabebe mnyororo. Hesabu unayo, sasa katafute kazi."

Suti ya mjomba ilirudi kwao baada ya wiki moja ikiwa na mbegu za porini kwenye mapindo yote mawili na tundu moja la seng'enge. Mjomba alidai nimekwenda vitani. Nilimweleza kwamba ni kiwanja cha shule tu.

Pale ofisini Mzee Ambakisye alijulikana kwa vitu viwili: peni ya kijani na tisa. Wengine wakati wa chai walizungumza mpira. Yeye alichora ubaoni jedwali la tisa, kuanzia sifuri-tisa, moja-nane, mbili-saba, tatu-sita, nne-tano, halafu akasimama katikati na kutuonyesha kwamba kuanzia hapo namba zinarudi zilikotoka zikiwa zimegeuka: tano-nne, sita-tatu, saba-mbili, nane-moja, tisa-sifuri. Kila moja tarakimu zake ukizijumlisha unapata tisa. Siku akiwa na furaha alituandikia 12345679, akiiacha nane makusudi, akaizidisha kwa tisa na kupata 111111111, moja tisa zimejipanga mstari mmoja. Tulipiga makofi. Mara ya kwanza tulipiga kwa mshangao, miaka iliyofuata tulipiga kwa adabu.

Lakini alichokithamini kuliko vyote ni kile alichokiita kufukuza tisa. Tulikuwa na kikokotoo kimoja ofisi nzima, nasema kikokotoo cha mkononi, si kile kingine cha mafao ambacho wastaafu wenzangu hawapendi kutajiwa. Hesabu nyingi tulifanya kwa mkono, na mkono hukosea. Basi chukua kiwanja cha mita 163 kwa 48. Eneo lake ni mita za mraba 7,824. Utajuaje kwamba hukukosea kuzidisha? Jumlisha tarakimu za 163: moja, sita na tatu ni kumi, na kumi nayo ni moja na sifuri, yaani moja. Za 48 ni kumi na mbili, yaani tatu. Moja mara tatu ni tatu. Sasa nenda kwenye jibu: saba, nane, mbili na nne ni ishirini na moja, yaani tatu. Zimelingana, kanywe chai.

Sababu yake ni nyepesi. Kumi ukiitoa tisa inabaki moja. Mia ukiitoa tisa zote zilizomo inabaki moja. Elfu vivyo hivyo, na kuendelea mpaka uchoke. Kwa hiyo sita, ikae kwenye mamoja, kwenye makumi au kwenye mamia, inaacha sita ileile. "Tisa haijali tarakimu imekaa wapi," mzee alisema, akiinua kidole. Niliikariri sentensi hiyo, nikaja kuwafundisha vijana kumi na kitu, na haikunipitia akilini hata siku moja kwamba hiyo haikuwa sifa. Ilikuwa ugonjwa.

Mzee aliitumia tisa hata mahali pasipo na kuzidisha. Sisi tulirudi kutoka uwandani na daftari lenye matope, tukanakili vipimo kwenye karatasi safi ya hesabu, na kutoka hapo mchoraji ndipo alipochora ramani. Kusoma daftari na karatasi mstari kwa mstari mzee aliona ni kazi ya karani. Yeye alijumlisha tarakimu zote za daftari, akafukuza tisa. Akajumlisha za karatasi, akafukuza tisa. Kilichobaki kikilingana, aliandika 9 kwa peni ya kijani na kuizungushia duara. Karatasi yenye duara la kijani haikuhojiwa na mtu yeyote tena. Nadhani hata siku ya kiama ingepita bila foleni.

Miaka ilikwenda. Mzee alihamishiwa Mbeya, akaomba nimfuate, nami nikamfuata, maana mtu aliyekufundisha kazi ukiachana naye ghafla unajihisi umevaa viatu visivyo vyako. Kabla ya kuhama nilikuwa nimemaliza mwaka mzima kwenye miteremko ya Kilolo, ambako nilijifunza kwamba ukimpimia mtu shamba la mlimani, futi kamba lazima ilale sawa, isifuate mteremko. Mkulima yeye amelipima kwa hatua zake akipanda na kushuka. Kipimo chako kikitoka kidogo kuliko chake, mwizi ni wewe. Mzee mmoja wa huko alinisalimia vizuri tu, "Kamwene," nikaitikia, halafu akaniambia mbele ya wanawe, "Shamba umenirudishia. Mlima wangu umeuweka wapi?" Nikakunja futi kamba. Hadi leo mlima wake sijaurudisha.

Chunya nako nilijifunza mengine. Tulisimika mawe ya mpaka ya zege, yenye nondo katikati na namba juu, tukaondoka tumejaa vumbi na fahari. Tuliporudi baada ya wiki tatu, mawe manne kati ya sita yalikuwa yamechimbwa na kubaki mashimo. Wachimbaji wadogo waliwaza hivi: serikali haiwezi kutoka Mbeya mpaka huku kuweka alama mahali pasipo na dhahabu. Sikuwalaumu. Ni watu pekee niliowahi kukutana nao walioamini kwamba tunajua tunachokifanya.

Mzee Ambakisye alistaafu, akarudi kwao Tukuyu, akafariki. Peni ya kijani nikairithi mimi. Nilikuwa mkali nayo kuliko yeye. Atupele alipoajiriwa, ametoka chuo kikuu na kompyuta mgongoni, nilimkalisha chini nikamfundisha kufukuza tisa kwa saa nzima. Alisikiliza kwa heshima, kisha akauliza, "Mzee Kikoti, na mtu akigeuza tarakimu je? Badala ya 63 akaandika 36?"

"Mtu mzima hageuzi tarakimu," nilimjibu.

Akaandika hiyo kwenye daftari lake. Naomba Atupele, popote ulipo unaposoma haya, uifute.

Sasa tufike Chimala. Najua mnaisimulia ile ya Chimala kama hadithi ya ushindi: mzee wa zamani na futi kamba yake akaishinda mashine, akaokoa nyumba ya mjane. Nimesikia mpaka wapya wanaisimulia, na kila akiisimulia mmoja mimi nazidi kuwa mrefu. Kwa sababu hiyo nimekubali kuandika. Ile hadithi mnaisimulia nusu.

Ulikuwa mwezi wangu wa mwisho kazini. Mfanyabiashara mmoja alinunua eneo kule Chimala, pembeni kidogo mwa barabara kuu, ajenge ghala la mpunga. Akaomba mipaka ihakikiwe. Atupele akaenda na kipokezi chake cha setilaiti, akarudi na habari: kiwanja kinachopakana na cha ghala, kwenye ramani kina urefu wa mita 136 kutoka barabarani, lakini jiwe la mpaka lililoko nyuma liko mita ishirini na saba zaidi ya hapo, ndani ya eneo la ghala. Ndani ya hizo mita ishirini na saba kulikuwa na nyumba na kaburi. Mwenye kiwanja alikuwa mjane, Mama Nkwimba, Msukuma ambaye yeye na marehemu mumewe, Mzee Masunga, walikuja na ng'ombe wao kutoka kaskazini wakakaa bonde la Usangu, na baadaye wakanunua kiwanja hicho Chimala ili watoto wasome.

Pale ofisini jambo hilo halikuchukua dakika kumi. Faili lilifunguliwa, karatasi ya hesabu ikaonekana ina duara la kijani. Karatasi imekaguliwa, ramani imefuata karatasi, basi jiwe ndilo limetembea. Na mawe hayatembei yenyewe. Barua ikaandikwa kwamba mwenye kiwanja amehamisha alama ya mpaka, aondoe vilivyomo. Mimi nilikuwa kwenye kikao hicho. Niliunga mkono. Nilisema, tena kwa sauti, "Duara hilo la mzee halijawahi kudanganya."

Jumatatu ya wiki yangu ya mwisho Atupele aliomba niende naye Chimala, kwa sababu mama alikuwa analia, na mwenyekiti wa mtaa hataki lawama. Tulimkuta Mama Nkwimba amekaa kwenye kigoda mbele ya nyumba yake ya matofali ya kuchoma. Kaburi la mumewe lilikuwa nyuma, hatua chache, limejengewa saruji na kupakwa chokaa.

"Baba, mimi hii jiwe sijaigusa," alisema hata kabla hatujakaa. "Nitaanzaje kuibeba? Angalia mwenyewe, imeota mpaka majani. Hii jiwe aliiweka bwana mmoja wa ardhi, mrefu, mwembamba kama fito. Alikunywa maziwa hapa vibuyu viwili. Mume wangu akasema huyu wa ardhi ana njaa, mwongezee."

Nililitazama jiwe. Zege, nondo katikati, namba juu. Namba hiyo niliichonga mimi kwa msumari zege likiwa bichi, na ile nne yangu yenye kichwa kilichofungwa naijua. Yule bwana mwembamba nilikuwa mimi. Sikumwambia. Nilikuwa nimenenepa vya kutosha kujificha.

"Mtendaji amesema mpaka Jumapili," aliendelea. "Nyumba na kaburi, vyote viwe vimetoka. Nyumba ni tofali, baba, tutajenga ingine. Lakini Masunga nitampeleka wapi? Na watu wanasema nimeiba mpaka. Binti yangu Nkwimba amesikia hivyo sokoni, akarudi bila kununua kitu."

"Tutaangalia, mama," nikasema. Hilo ndilo neno letu watu wa ardhi. Tumewaangalia wengi.

Ndani ya gari, tukirudi Mbeya, ile ishirini na saba ilianza kunisumbua. Si ishirini na tano, si thelathini, ambazo mtu anayeiba mpaka angeweza kuzipenda. Ishirini na saba. Mbili na saba ni tisa. Na hapo ndipo nilipoanza kutokwa na jasho, baridi ya Igawilo ikiingia dirishani.

Nisikilizeni vizuri, maana hili ndilo funzo mlilolitaka. Chukua namba yenye sita kwenye makumi na tatu kwenye mamoja. Igeuze. Sita imeshuka kutoka makumi kuja mamoja: ilikuwa sitini, sasa ni sita, umepoteza hamsini na nne, yaani sita mara tisa. Tatu imepanda: ilikuwa tatu, sasa ni thelathini, umepata ishirini na saba, yaani tatu mara tisa. Ukipunguza kimoja kwenye kingine, kilichopotea ni tatu mara tisa. Haijalishi ni tarakimu zipi. Kila ukigeuza tarakimu ya makumi na ya mamoja, kosa lako ni lazima ligawanyike kwa tisa, na ukiligawanya unapata tofauti ya zile tarakimu zenyewe. Ishirini na saba kwa tisa ni tatu. Kwa hiyo nilichotakiwa kutafuta ni tarakimu mbili jirani zilizopishana kwa tatu. Ramani ilisema 136. Tatu na sita.

Na kwa nini duara la kijani halikuona? Kwa sababu tisa haijali tarakimu imekaa wapi. 163 ukifukuza tisa inabaki moja. 136 ukifukuza tisa inabaki moja. Ukitafuta eneo kwa 136 mara 48 unapata 6,528, ambayo ni ishirini na moja, yaani tatu, inalingana vizuri kabisa, kanywe chai. Katika makosa yote ambayo mkono wa mwanadamu unaweza kufanya, tulichagua ukaguzi usioona lile analolifanya kila siku. Tisa ileile ukiiuliza kabla ya kosa haioni kitu, na ukiiuliza baada ya kosa inakutajia hata tarakimu zilizohusika.

Jumanne saa nne asubuhi niliingia stoo ya majalada peke yangu. Mtaniuliza kwa nini miaka yote hiyo hakuna aliyeweka daftari na karatasi pamoja na kuvisoma. Ni swali la mtu mwenye akili, na ndiyo maana halikuulizwa. Daftari la uwandani lilikuwa na doa la maziwa. Upande wa kwanza: 163. Upande wa pili: 163. Nikafunua karatasi ya hesabu. Upande wa kwanza: 136. Upande wa pili sikuandika namba kabisa. Niliweka vile vialama viwili vidogo vya kusema "kama ya juu", kwa sababu nilikuwa na haraka. Mwandiko wangu, nne zangu, vialama vyangu. Chini, duara la kijani. Kazi nzima ilinichukua dakika mbili.

Jiwe lilikuwa mahali pake. Mzee Masunga alikuwa amelala kwenye ardhi yake. Mwizi wa mita ishirini na saba alikuwa ananitazama kutoka kwenye karatasi akiwa na umri wa miaka thelathini na kitu.

Sasa sikilizeni nilivyofanya, maana hii sehemu Atupele kwa heshima yake hajawahi kuwaambia. Nilirudisha daftari kwenye rafu. Nilifunga stoo. Nilikwenda kunywa chai.

Hafla ya kuniaga ilikuwa Ijumaa. Kadi zilishachapwa, mkuu wa idara ameshaandika hotuba, na katibu wake alikuwa ameninong'oneza kwamba cheti changu kimeandikwa "kwa utumishi uliotukuka na usahihi wa vipimo". Nilijiambia kwamba lazima kwanza nihakikishe. Nihakikishe nini, sijui, maana 163 haiwi 163 zaidi ukiitazama mara ya tatu. Nilijiambia Jumapili bado iko mbali. Nilijiambia nitasema Jumamosi asubuhi, nikiwa tayari mstaafu, cheti kikiwa ukutani, na mama atakuwa bado na siku nzima mkononi. Mtu aliyezoea kupima anajua kupimia hata uoga wake. Niliona aibu kusema, hilo ndilo jina lake, na niliiita uhakiki.

Jumatano Atupele aliniuliza, "Mzee, ile ya Chimala umeona chochote?"

"Bado naangalia."

Alhamisi aliniuliza tena, nikamjibu vilevile, kwa sauti ya mtu aliyeudhiwa.

Ijumaa nilipigiwa makofi. Mkuu wa idara alisema katika miaka yangu yote sijawahi kukosea hata sentimita. Nilisimama nikasema asante. Saa nane mchana nilikata keki iliyochorwa futi kamba ya sukari, na waliohudhuria wanakumbuka kwamba kipande cha kwanza nilimlisha mke wangu, cha pili Atupele, kama mwanangu wa kazini. Alitabasamu. Mimi changu nilikishushia na soda.

Jumamosi alfajiri nilimpigia simu Atupele. "Lile jiwe halikuhamishwa," nikamwambia. "Nilikosea mimi wakati wa kunakili. Ni 163."

Hakuuliza nimejuaje wala nimejua lini. "Nakuja na gari, mzee," alisema.

Tulifika Chimala kabla jua halijawa kali. Atupele alitega mashine yake, lakini mimi niliomba futi kamba, kwa sababu nilitaka watu waone kwa macho yao. Mwenyekiti wa mtaa alishika ncha barabarani. Hamsini. Hamsini. Hamsini. Kumi na tatu. Futi kamba ikagusa jiwe. Watu walikuwa wameshakusanyika, na yule bwana wa ghala alikuwepo, ameshika nakala ya ramani.

"Kwa hiyo unataka kusema karatasi ya serikali imekosea?" aliniuliza.

"Karatasi haikukosea. Iliandika nilichoiambia. Aliyekosea ni mimi, na mwizi wa mpaka mliyekuwa mnamtafuta ni huyu hapa. Mama huyu hajagusa kitu."

Wanawake wakapiga vigelegele. Nkwimba, binti yake, alikaa chini palepale kwenye vumbi akalia. Mwenyekiti alinipa mkono, mtendaji naye akanipa mkono na kusema alijua tangu mwanzo kwamba kuna kitu hakiko sawa. Hapo ndipo hadithi yenu inapoishia. Nyumba imesimama, ramani imerekebishwa, mzee shujaa.

Mama Nkwimba hakupiga kelele. Alikuja akanisogelea usoni, akanitazama muda mrefu.

"Kumbe ni wewe wa maziwa," alisema.

"Ni mimi, mama. Nisamehe."

"Njoo."

Nikamfuata nyuma ya nyumba. Pale palipokuwa na kaburi lenye chokaa palikuwa na vipande vya saruji vimekusanywa pembeni na udongo mwekundu uliofukiwa upya, bado una alama za majembe. Wadogo zake marehemu walikuwa wamekuja kutoka bondeni, akanieleza, na hawakuweza kukaa mpaka Jumapili kwa sababu ya ng'ombe. Kwa hiyo walimtoa jana, saa nane mchana, wakampeleka makaburi ya barabarani. Nyumba walikuwa wameiacha iwe ya mwisho.

Atupele alikuwa amesimama nyuma yangu. Nilimsikia akivuta pumzi.

"Baba," alisema Mama Nkwimba, taratibu kabisa, bila hasira, "hii makosa yako uliijua lini?"

Ningeweza kusema asubuhi ile. Nilikuwa na cheti.

"Jumanne."

Alinyoosha vidole vyake, akahesabu kimoja kimoja kwa sauti ndogo. Jumanne, Jumatano, Alhamisi, Ijumaa. Akakitazama kile cha mwisho.

"Kwa hiyo siku zote hizo alikuwa bado yuko hapa," alisema.

Nikamwambia ndiyo, alikuwepo.